Mtoto wa Meza: Habari za Sanduku la Kuvuta na Kiungo Chake, Kutoka Pwani Hata Bugarama

Katika kamusi za zamani za Kiswahili, kisanduku kisicho na kifuniko ambacho huvutwa kutoka tumboni mwa meza au kabati huitwa mtoto wa meza. Jina hili ni la namna ile ile ya mtoto wa jicho: jambo dogo lililomo ndani ya jambo kubwa, nalo halina maisha nje ya hilo lililolizaa. Siku hizi watu wengi husema droo, na vitabu vingine husema saraka. Hata hivyo mtoto wa meza halijafa. Wazee wa pwani hulitumia, na wanafunzi hukutana nalo katika kamusi bila kujua kwamba zamani lilikuwa neno la kila siku.

Lililo la ajabu si kwamba kitu kimoja kina majina matatu. La ajabu ni kwamba kiungo kinachomshikilia mtoto huyo, yaani namna ubao wa mbele unavyofungwa na mbao za ubavuni pasipo msumari, hakikupata jina moja lililokubaliwa na mafundi wote, ingawa mikono ya mafundi wa pwani imekijua kwa vizazi vingi. Historia ya jambo hili yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake zimo habari za biashara, za misheni, za serikali na za mipaka. Na kwa kuwa mwanafunzi wa useremala aliye leo katika vilima vya Ngara hukutana na pengo hilo la lugha kila afunguapo kitabu cha ufundi.

Kwanza yafaa kueleza kiungo chenyewe. Sanduku la kuvuta halifanani na sanduku la kuweka. Sanduku la kuweka hukaa mahali pake, na uzito wa vitu huenda chini. Sanduku la kuvuta kila siku hukamatwa kwa uso wake na kuvutwa, nalo limejaa nguo, vyuma au karatasi. Nguvu yote ya mkono hujaribu kuutenga uso na mbavu. Ukipigwa msumari kupita usoni na kuingia katika vichwa vya mbao za ubavuni, msumari huo utakuwa umeingia kwa kufuata nyuzi za mti, na kila mvuto utautoa kidogo. Baada ya miaka michache uso hubaki mkononi na sanduku hubaki kabatini. Kwa sababu hiyo fundi huikata miisho ya mbao za ubavuni iwe mikia, myembamba shinani na mipana nchani, na katika ubao wa uso huchimba nafasi za kuipokea mikia hiyo, akiacha kati yake meno yaliyolala kwa pembe iyo hiyo. Vikiisha kuingizwa kutoka upande mmoja, havitoki kwa upande wa kuvutwa hata gundi ikifa, maana upana wa mkia umezuiwa na meno.

Kazi hii ina vipimo vyake. Mteremko wa mkia katika mbao laini huwa kama 1 kwa 6, na katika mbao ngumu kama 1 kwa 8; ukizidi, ncha za mkia huvunjika, na ukipungua, mkia husahau kazi yake na kuwa ulimi wa kawaida. Fundi hupiga mstari wa unene wa ubao kwa kipimio, hukata kwa msumeno wa meno madogo upande wa takataka wa mstari, huchimba kwa patasi nusu kutoka huku na nusu kutoka huku, kisha huweka ubao uliokwisha kukatwa juu ya mwenziwe na kuuchora wa pili kwa kuufuata wa kwanza. Hatua hii ya mwisho ndiyo siri yote. Ubao wa pili haupimwi kwa rula, bali hupimwa kwa ndugu yake; kwa hiyo hata mikia isiyolingana itakubaliana na meno yake yenyewe, na haitakubaliana na mengine yoyote. Katika uso wa sanduku la kuvuta fundi huacha utando mwembamba wa mti usiotobolewa, ili atazamaye kwa mbele asione kiungo hata kidogo. Mtu anayenunua kabati huwa hajui alichonunua mpaka avute mtoto wake nje na kumtazama ubavuni.

Ufundi huu ni wa kale sana. Vyombo vya mbao vilivyotolewa katika makaburi ya Misri ya kale vina viungo vya namna hii. Katika Ulaya ulienea hasa katika masanduku ya kuvuta kuanzia karne ya 17, makabati ya nyumba za wenye mali yalipoanza kuwa na safu juu ya safu. Waingereza walikiita kiungo hicho kwa mkia wa njiwa. Wadachi, yaani Wajerumani, walikiita Schwalbenschwanz, mkia wa mbayuwayu. Wafaransa nao, kwa neno lao la kale queue d'aronde, walimtaja ndege yule yule wa Wadachi. Jambo hili dogo litarudi baadaye, kwa maana Bugarama imewahi kuwa chini ya watu wa mbayuwayu na chini ya watu wa njiwa.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, sanduku lenye viungo lilifika kwa njia ya bahari, na majina yake bado yana chumvi. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha ni la Kireno, na bweta pia, kama ilivyo meza na parafujo. Katika vyombo vya seremala randa ina asili ya Kiajemi, na guni ya kupimia pembe ilitoka Uhindi. Sherisi, gundi ya maseremala, nayo ilipita Uajemi na Uarabuni. Lakini ukitazama orodha hii utaona pengo. Wareno, waliokuwa na nguvu pwani kwa miaka kama 200 mpaka walipopoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, walikuwa na neno lao gaveta kwa sanduku la kuvuta. Na katika karne za 16 na 17 mafundi wa Gujarati na Goa waliwatengenezea makabati ya kuandikia yenye masanduku mengi ya namna hiyo. Kiswahili kilichukua meza na kasha, ila gaveta hakikulichukua. Mswahili alitazama kitu kilichotoka na kurudi tumboni mwa mamaye, akakiita mtoto. Si haki, basi, kusema kama wengine walivyosema kwamba lugha ya ufundi wa pwani ni mkopo mtupu: palipo na kitu kilichogusa fikira, watu walitoa jina nyumbani.

Makasha yanayojulikana duniani kwa jina la Zanzibar ni ushahidi mwingine. Mengi ya yale ya zamani yalitengenezwa Uhindi, hasa Surat na Bombay, kwa msaji na miti mingine migumu, yakapambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, yakaletwa kwa majahazi katika pepo za kaskazi. Mengi yana safu ya masanduku mawili au matatu ya kuvuta chini, na ndani, upande mmoja, kisanduku kidogo cha kutilia vito, ambacho mara nyingi chini yake pana maficho. Sheila Unwin, aliyeyachunguza makasha haya kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yake mwaka 2006, alionyesha jinsi yanavyogawanyika katika makundi kwa mapambo na umbo. Wapenzi wa makasha hutazama shaba. Aliye seremala huanza pembeni, maana kasha huweza kuwa na shaba nyingi na pembe mbaya.

Hali ya hewa ya pwani ndiyo iliyokuwa mwalimu mkali wa pembe hizo. Gundi ya ngozi na mifupa hulainika katika joto lenye unyevu. Msumari wa chuma huota kutu, na kutu hula mti unaouzunguka. Mti wenyewe huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi, daima kwa upana wake, si kwa urefu. Ndiyo sababu ubao wa chini wa sanduku la kuvuta haugandishwi kwa gundi pande zote. Hutelezeshwa katika mfereji uliochimbwa mbavuni, ukaachiwa nafasi ya kupumua nyuma. Ubao uliofungwa pande zote hupasuka, au huzisukuma mbavu mpaka mtoto asirudi tena ndani. Viungo vya mikia huvumilia haya yote, kwa kuwa nguvu yake imo katika umbo.

Bara mambo yalikuwa mengine. Kata ya Bugarama imo wilayani Ngara, katika nchi ya vilima iliyo karibu na Burundi, ambapo Kihangaza na Kishubi, lugha zilizo jamaa moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, ndizo za nyumbani. Jina la Bugarama lenyewe laonekana tena Burundi na Rwanda, ishara ya lugha moja iliyopita juu ya mipaka kabla mipaka haijachorwa. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu kazi ya mti ilikuwa na heshima kubwa, na ilikuwa na neno lake: umubaji kwa Kirundi na Kinyarwanda, omubaizi kwa Kihaya, omubazzi kwa Kiganda, yote kutoka shina moja la Kibantu lenye maana ya kuchonga. Pwani ilitumia seremala, jina lisilo la shina la Kibantu. Kwa hiyo mtu wa Bugarama alipokutana na Kiswahili hakujifunza jina jipya la kazi ya zamani. Aliambiwa jina la kazi nyingine.

Na kwa kweli ilikuwa kazi nyingine. Chombo cha maziwa, ngoma, kiti, na hori refu la kukandia ndizi za pombe, ambalo Warundi huliita umuvure, vyote vilitolewa katika gogo moja. Fundi aliondoa mti usiotakiwa, akabakiza chombo. Hapakuwa na kiungo, na kwa hiyo hapakuwa na swali la kiungo. Ufa ulishonwa au kuzibwa. Haukutengenezwa kwa makusudi. Seremala wa sanduku huanza kinyume: hupasua kwanza, hupata mbao, kisha huzirudisha pamoja. Hodari wa tezo hajifunzi jambo hili kwa siku moja, si kwa kuwa mkono wake ni mzito, bali kwa sababu ubora anaoujua yeye ni ubora wa kitu kisicho na mshono. Watu walioandika zamani kwamba watu wa bara hawakuwa na useremala hawakulifahamu hili. Walikuwa wakitafuta pembe za mraba mahali ambapo ustadi wote ulikuwa katika mduara.

Sanduku la kuvuta lilikuja huko pamoja na karatasi. Wadachi waliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Mapadri wa White Fathers walifika nchi hiyo kutoka Buganda mwaka 1892 na kukaa Kashozi. Boma la Biharamulo likajengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Boma ni hesabu, kodi na barua, nazo zataka mahali pa kufungiwa kwa ufunguo. Hata neno dawati lina ukumbusho huu, kwa maana katika Kiarabu lilikuwa jina la kidau cha wino kabla ya kuwa jina la meza. Katika misheni, mabruda ndio waliokuwa wajenzi na maseremala, na vijana waliosaidiana nao walijifunza kutengeneza viti vya kanisa, milango, na makabati ya mavazi ya ibada, ambayo ni mapana na yenye masanduku marefu ya kuvuta ili nguo zilale bila kukunjwa. Kabati la namna hiyo ni mtihani mgumu kwa seremala yeyote: sanduku likiwa pana na fupi kwa kina, hukwama upande mmoja kila livutwapo, isipokuwa mbavu ziwe sawa kabisa.

Kabla ya hapo, pwani, mafunzo ya namna hii yalikuwa yamekwisha kuanza. Wamisheni Wakatoliki waliofika Zanzibar mwaka 1860 waliweka karakana za vijana waliotolewa utumwani, wakaendelea Bagamoyo kuanzia 1868; na shule ya serikali ya Wadachi huko Tanga, katika miaka ya 1890, ilifundisha useremala kando ya kusoma. Mafundi waliotoka katika mahali hapa walizungumza Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichopanda nao bara. Reli ya Uganda iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilileta mkondo wa pili: maseremala wa Kipunjabi, ambao watu waliwaita Makalasinga. Reli ilipofika Kisumu, meli za ziwa ziliunganisha karakana zao na Bukoba na Mwanza. Kutoka Bukoba bidhaa zilikwenda kusini kwa vichwa vya wapagazi, na baadaye kwa malori, hata Biharamulo na Ngara.

Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918, na mipaka ikapangwa upya. Rwanda na Burundi zilipewa Ubelgiji. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ilibaki upande wa Tanganyika chini ya Uingereza, na jambo hili lililalamikiwa miaka mingi, hata likafika katika Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa baada ya vita ya pili. Kwa seremala matokeo yalikuwa haya: ndugu wawili wa lugha moja, mmoja ng'ambo ya mpaka na mmoja huku, walifundishwa kazi ile ile kwa maneno yasiyofanana. Wa kule alisikia Kifaransa cha mabruda. Wa huku alisikia Kiswahili chenye maneno ya Kiingereza ndani yake, na kadiri miaka ilivyopita maneno hayo yaliongezeka. Shule ya ufundi ya Ifunda ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ile ya Moshi baadaye katika miaka hiyo hiyo, mafunzo yalikuwa kwa Kiingereza. Kijana alirudi nyumbani na majaribio yake ya serikali, akasema skwea mahali pa guni, vaisi mahali pa jiliwa, na droo mahali pa mtoto wa meza.

Hapana haja ya kumlaumu. Maneno ya ufundi hufuata mahali fundi alipojifunzia, na guni nalo lilikuwa geni siku moja. Lakini hasara ipo, nayo si ya fahari tu. Jina mtoto wa meza lilibeba fundisho ndani yake: mtoto hupimwa kwa mamaye. Fundi mzuri hukata kwanza ubao wa uso mpaka uingie kwa shida katika tundu lake, ndipo ajenge sanduku nyuma ya uso huo. Hajengi sanduku pembeni kwa vipimo vya karatasi kisha kulilazimisha kuingia. Droo halimwambii mwanafunzi lolote kati ya hayo. Saraka hutumika pia kwa vijisehemu vya kutilia barua, ambavyo havivutwi, na kwa hiyo latatanisha zaidi kuliko kusaidia.

Kuhusu kiungo chenyewe, tatizo ni kubwa zaidi. Vitabu vinavyofasiriwa kutoka Kiingereza huelekea mkia wa njiwa, na tafsiri hiyo yaeleweka kwa yule anayelijua neno la Kiingereza tayari. Asiyelijua hulazimika kumtazama ndege. Mkia wa njiwa aliyetua barazani hauonyeshi umbo linalotakiwa. Hufunguka kama kipepeo cha mkono pale tu anaporuka. Mkia wa mbayuwayu wengi ni wa panda, nao huonyesha vizuri zaidi jinsi ncha inavyopanuka kupita shina, ingawa wa panda nao si mkia wa mbao. Wote wawili ni ndege wa kukopwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limesanifisha istilahi nyingi za sayansi na utawala; za karakana zastahili juhudi iyo hiyo, na kazi hiyo haifai kufanywa mezani. Inafaa mchunguzi asimame karibu na fundi na kusikiliza analolisema mdomo wake wakati patasi inaingia. Mafundi wengi husema tu kwamba mbao zimeumana. Kuumana ni neno zuri sana: lina meno ndani yake, lina pande mbili zinazotendeana, na mtu wa Bugarama, wa Tabora na wa Lamu hulielewa bila kufasiriwa. Likifanywa kiungo cha kuumana, halitamtaja ndege yeyote, na halitamwacha mtu nje.

Leo, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979 na tangu hapo Kagera, mtoto wa meza wa kuumana ni adimu. Sababu inayotajwa kwa kawaida ni uvivu wa vijana, na sababu hiyo si ya kweli. Mninga wa mapori ya Biharamulo hupatikana kwa gharama kubwa na kwa kibali. Mbao zilizo karibu na fundi wa Ngara ni za mgrivilea uliopandwa kuvulia kahawa kivuli, za mkaratusi na za msindano, nazo huuzwa zikiwa mbichi, siku chache baada ya kupasuliwa. Mkia uliokatwa katika mbao mbichi huwa umebana Jumatatu, na baada ya kiangazi kimoja huweza kupitishwa wembe kati yake na jino. Hapo msumari na plaiwudi hushinda, kwa kuwa huficha kosa la mti hata kabati lifike nyumbani kwa mteja. Ubao wa unene wa inchi 1 huhitaji karibu mwaka 1 wa kukaa kivulini, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, kabla haujakatwa kiungo. Fundi asiye na banda la kuzianikia mbao zake, wala fedha za kungoja mwaka huo, anaweza kuujua mteremko wa 1 kwa 8 barabara na asiutumie hata mara moja.